Mpwa Wangu Anataka Kucheza Baleti: Mtoto Aanzie Wapi?

Wasomi wenzangu, nianze kwa kukiri kosa.

Muhula uliopita, usiku mmoja wakati wenzangu wa dakhalia wanapiga msuli wa mtihani, niliingiwa na ujumbe wa sauti kutoka nyumbani Wete. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, miaka sita, darasa la kwanza. "Mjomba, mie nataka kucheza kama yule msichana anosimama kwa vidole." Kumbe alikuwa amemwona mcheza baleti kwenye simu ya mama yake. Nami kwa ujuaji wa mwanachuo sikuuliza swali hata moja. Niliingia mtandaoni, nikachukua video ya kwanza iliyosema jifunze baleti nyumbani, nikamtumia dada, nikarudi kwenye msuli wangu roho kwatu.

Siku ya nne dada akapiga simu. Mtoto ameteguka kifundo cha mguu. Alijifungia chumbani na simu, kavaa soksi, sakafu yenyewe ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, akajaribu kusimama kwa ncha za vidole kama alivyoona. Akateleza. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini wiki tatu alikwenda skuli akichechemea. Dada hakunigombeza. Alisema tu: "Wewe ndo msomi wetu. Nilidhani umeshasoma kabla ya kutuma."

Neno lile limenikaa. Makala haya ndiyo kusoma kwangu kwa kuchelewa. Nimeyaandika kwa sababu najua si mimi peke yangu. Kila mwanachuo ana mdogo wake, mpwa wake au mtoto wa jirani anayemtazama yeye kama kamusi ya kila kitu. Leo ni baleti, kesho sarakasi, keshokutwa karate. Kuna mambo ambayo ni vizuri tuyajue kabla hatujabonyeza kitufe cha kutuma.

Baleti ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tukisikia baleti tunaona picha moja tu: msichana mwembamba, gauni limechanua kama uyoga, kasimama kwa ncha ya kidole kama hana uzito. Picha hiyo ni ya mwisho wa safari, na hata katika historia ya baleti yenyewe ilichelewa kuja.

Baleti ilianzia kwenye majumba ya watawala wa Italia zaidi ya miaka 500 iliyopita, ikahamia Ufaransa. Mwaka 1661 mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, alianzisha chuo cha kifalme cha kucheza mjini Paris. Ndiyo maana mpaka leo majina ya miondoko ni ya Kifaransa, uwe Moscow, Havana au Nairobi. Kusimama kwa ncha za vidole kulipata jina kubwa mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza *La Sylphide* hapo hapo Paris. Hesabu mwenyewe: kwa zaidi ya karne moja baada ya chuo kile kufunguliwa watu walikuwa wakicheza baleti, tena baleti ya kifalme, na nyayo zao ziko chini.

Msingi wake ni mambo machache. Mgongo umenyooka. Miguu imegeuzwa nje kuanzia kwenye nyonga. Kuna mikao mitano ya miguu ambayo kila mwondoko huanzia na kuishia hapo. Halafu kuna kukunja magoti, ambako Wafaransa hukuita plie. Kila mruko unaouona, hata ule wa mtu anayeonekana kama anaelea hewani, umeanza kwa magoti kukunjwa na utamalizika kwa magoti kukunjwa. Asiyejua kukunja magoti hana baleti, hata kama anaweza kusimama kwa kidole kimoja.

Umri gani unafaa?

Walimu wengi wa baleti hugawa umri wa mtoto katika hatua tatu.

Kuanzia miaka 3 mpaka 6 ni mchezo. Mtoto hujifunza kusikiliza mdundo, kutembea, kukimbia na kusimama ghafla muziki ukikatika, kuruka kama chura, kunyata kama paka. Darasa moja kwa wiki linatosha, la nusu saa au dakika 45. Mwalimu anayemnyoosha mtoto wa miaka minne kama chuma motoni, huyo ana haraka zake.

Miaka 7 au 8 ndipo mafunzo yenyewe huanza. Hapo mtoto anaweza kushika mpangilio, kujua kulia na kushoto bila kubahatisha, na kurudia jambo moja mara kumi bila kulia.

Miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya kujifunza mfululizo, ndipo mwalimu huanza kufikiria kumsimamisha kwa ncha za vidole. Nasema kufikiria, kwa sababu umri peke yake hautoshi. Mwalimu hutazama nguvu za kifundo, mgongo na tumbo. Wapo wanaongojea mpaka miaka 13 na zaidi, na wapo wasiopewa ruhusa kabisa, nao wanaendelea kucheza.

Na aliyechelewa? Asikate tamaa. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, umri ambao wengi husema umeshapita. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufikia daraja la juu kabisa katika kundi la American Ballet Theatre. Na wavulana? Louis wa 14 alikuwa mwanamume. Wavulana hucheza, na kwa kawaida wao hawasimami kwa ncha kabisa; kazi yao kubwa ni kuruka, kuzunguka na kubeba.

Mguu wa mtoto una siri

Mtaalamu wa viungo aliyemtazama mpwa wangu alinichorea mguu kwenye karatasi nilipokwenda kumuuliza wakati wa likizo. Mfupa wa mtoto, aliniambia, haujakamilika. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Miaka inavyopita sehemu hizo hukaza zikawa mfupa kamili. Sasa chukua uzito wote wa mwili, uubanze juu ya vidole viwili vitatu ambavyo mifupa yake bado iko kazini inajijenga. Maumivu ya leo yanaweza kupoa, lakini ukiumiza sehemu ile laini, mguu unaweza kukua vibaya.

Kisha akaniuliza: "Yule uliyemwona kwenye video alivaa nini?" Nikasema viatu. Akacheka. Viatu vile si viatu vya kawaida. Mbele vina kikombe kigumu kilichotengenezwa kwa tabaka za kitambaa na gundi, na chini kuna soli ngumu inayoushika wayo usivunjike. Kiatu kinasaidia, lakini kinachombeba mchezaji ni misuli iliyofanyiwa kazi kwa miaka. Mpwa wangu alikuwa na soksi na miaka sita.

Hatari ya pili haionekani kwa haraka, nayo ni ule mguu kugeuzwa nje. Mtoto akitazama picha anaona nyayo zimetazama pembeni, moja huku, moja kule. Basi anazisukuma nyayo kwa nguvu mpaka zifike, wakati nyonga haijageuka. Kinachopokea msokoto ule ni goti, na goti halikuumbwa kusokotwa. Kanuni ni rahisi, hata mama asiyejua lolote kuhusu baleti anaweza kuikagua: mtoto akikunja magoti, goti lielekee pale pale vidole vinapoelekea. Goti likiingia ndani na vidole viko nje, mwambie arudishe nyayo. Duara dogo la kweli ni bora kuliko kubwa la kujilazimisha.

Darasa la kwanza linafananaje?

Mzazi anayempeleka mtoto kwa mara ya kwanza hutegemea kuona maajabu. Anachokuta ni watoto wanapepea kama vipepeo, na anatoka akijiuliza kama fedha yake imekwenda bure. Haikwenda.

Darasa zuri la mwanzo huanza kwa kukaa chini. Watoto wananyoosha miguu mbele, wanavikunja vidole na kuvinyoosha, "mguu unalala, mguu unaamka." Mchezo huo unajenga wayo na kifundo. Kisha wanasimama, wanakunja magoti taratibu na kunyanyuka, visigino viko chini. Halafu wanapanda kidogo kwenye nusu ya wayo, yaani visigino juu na vidole vyote vimetandazwa chini, huku wameshikilia ukuta au fito. Baada ya hapo wanavuka chumba mmoja mmoja: kutembea, kurukaruka, kukimbia kwa vidole. Kila mmoja anangoja zamu yake. Mwishoni wanasalimia kwa adabu, wanamshukuru mwalimu, wanaondoka.

Hapo utaona kwamba nusu ya somo ni kungoja, kusikiliza na kurudia. Ukitaka kujua kama mtoto wako yuko tayari, usitazame mwili wake. Tazama kama anaweza kungoja zamu.

Sakafu, nguo, na swali la haya

Sakafu kwanza, maana ndiyo iliyomwangusha mpwa wangu. Skuli za baleti hujenga sakafu za mbao zenye kunesa ili mruko upokelewe. Nyumba zetu nyingi Pemba ni saruji. Saruji hainesi, kila mruko unarudi kwenye muundi na goti. Basi ndani ya nyumba mtoto asiruke sana. Akunje magoti, anyooshe miguu, atembee. Kuruka akuruke uwanjani kwenye mchanga ulioshikana, pasipo mawe wala vigae. Soksi peke yake juu ya saruji iliyong'aa ni marufuku. Miguu mitupu inashika vizuri zaidi, na kwa anayeanza inatosha. Vile viatu laini vya ngozi au kitambaa vinaweza kungoja mpaka awepo mwalimu.

Nguo sasa. Najua nyumba nyingi mjadala unaishia hapa: "Mtoto wa Kiislamu avae vile?" Swali hilo lina haki yake, na familia itakayosema haitaki, ni uamuzi wake, asije mwanachuo na ujuaji wake kuwasomesha watu dini yao. Ila tujue kwamba nguo ya kubana si sharti la kujifunza. Mwalimu anachohitaji ni kuona goti na kifundo. Suruali ndefu laini na fulana ya mikono mirefu zinafanya kazi hiyo, na mtandio uliofungwa vizuri hauzuii shingo. Stephanie Kurlow, binti wa Australia, alijulikana duniani mwaka 2016 kwa kusema wazi kwamba anataka kuwa mcheza baleti wa kazi huku anavaa hijabu. Kucheza mbele za watu pia si sharti. Mtoto anaweza kujifunza miaka na miaka asipande jukwaani hata siku moja, na faida za mgongo, pumzi na utulivu akabaki nazo.

Lipo na la tatu ambalo mzazi asilionee haya kuliuliza. Baleti ina doa lake: walimu wengi wa zamani waliwabana wasichana wawe wembamba mpaka wakaugua. Mwalimu yeyote anayemwambia mtoto wa miaka saba apunguze kula, mtoe mtoto siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa mwalimu humshika mtoto mgongo au mguu kumrekebisha, mlango uwe wazi na mzazi awe na ruhusa ya kukaa atazame. Mwalimu mwenye nia njema hatachukia.

Pemba hakuna skuli ya baleti. Basi tufanyeje?

Nilipofika hapa nilidhani makala yamekwisha. Kutoka Wete mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, na hata Unguja penyewe Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kinachofundisha Mji Mkongwe tangu mwaka 2002, ni chuo cha muziki. Nikamwambia mama yetu, yaani bibi yake mtoto, kwamba jambo hili huku kwetu halina mahali pa kuanzia. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaniuliza: "Kwani anachotakiwa kuanza nacho ni nini?"

Nikamtajia: mgongo ulionyooka, magoti, sikio la mdundo, kungoja zamu. Akaweka ungo chini, akasimama, akanionyesha lelemama.

Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akicheza. Miaka yangu yote ishirini na mbili. Mwili wima kama mlingoti, shingo imetulia, mikono inakwenda na kurudi polepole, hakuna kinachotikisika ovyo. Anasema walipokuwa wasichana walisimama safu moja, na aliyetangulia mwenzake kwa mkono mmoja aliaibika, kwa sababu uzuri wa safu ni kuwa kama mtu mmoja. Nikakumbuka zile safu za wachezaji wa baleti, wasichana ishirini wanageuza shingo kwa wakati mmoja. Kazi ni ile ile.

Halafu angalia msewe, ngoma ya Pemba yetu. Mchezaji hufungwa miguuni zile njuga za majani makavu, na kila anapokanyaga zinalia. Fikiria hilo kama somo. Skuli ya baleti huweka kioo ukutani ili mtoto ajione amekosea wapi. Msewe imemwekea mtoto kioo cha masikio kwenye kifundo. Ukikanyaga nje ya mdundo, njuga inakutangaza, huna pa kujificha. Na magoti je? Mchezaji wa ngoma zetu hasimami na magoti yaliyokauka. Yamelegea, yanapokea ardhi, yananyanyuka tena. Hiyo plie watoto wetu wanaizaliwa nayo, ila hatuipi jina.

Kirumbizi nayo: wawili katikati ya duara, fimbo mkononi, zumari inalia. Hatua mbele, hatua nyuma, macho hayamwachi mwenzio. Anayechezea fimbo huku anatazama miguu yake atapigwa. Hapo kuna mizani na kichwa juu. Hata madrasa, vijana wanaopiga dufu au wanaokaa safu za maulidi ya homu wakiinama na kuinuka pamoja kwa pumzi moja, wanajua jambo ambalo mwalimu wa baleti hulifundisha kwa miaka: kuusikia mwili wa mwenzako bila kumtazama.

Sisemi kwamba msewe ni baleti. Sivyo, na wala haihitaji kuwa. Baleti inautafuta mwili upande juu, msewe inautuliza ardhini. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka sita bado hajafika njia panda hiyo. Anachohitaji mwaka huu kipo Pemba, kipo uani, na walimu wake wengine wanapepeta mchele.

Walioanza bila kitu

Kwa wale mtakaosema haya ni maneno ya kujifariji, nitaje watu.

Nairobi, mtaa wa Kibera, watoto wamejifunza baleti katika Spurgeon's Academy chini ya mwalimu Mike Wamaya, kupitia shirika la Anno's Africa. Somo likianza, madawati yanasukumwa pembeni. Hakuna sakafu ya kunesa, hakuna fito ya kushikilia. Kutoka Nairobi hiyo hiyo, Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda, alifika mpaka English National Ballet School ya London.

Lagos, Nigeria, Daniel Ajala alifungua Leap of Dance Academy mwaka 2017. Mwaka 2020 video ya mwanafunzi wake mmoja, Anthony Madu, akicheza miguu mitupu kwenye mvua juu ya saruji, ilizunguka dunia nzima. Baadaye kijana huyo akaenda kusoma Elmhurst Ballet School, Birmingham. Lakini jambo lililonigusa mimi ni la mwalimu. Ajala alijifunza baleti kwa kiasi kikubwa kwa kujisomea na kutazama video. Yaani video ile ile iliyomtegua mpwa wangu, mikononi mwa mtu mzima aliyekaa nayo, akaielewa, akaipunguza iwe ya kiasi cha mtoto, ilikuwa darasa. Video ni ya mwalimu. Kosa langu lilikuwa kumpa mtoto moja kwa moja.

Na Michaela DePrince, aliyezaliwa Sierra Leone mwaka 1995, vita vikamfanya yatima. Akiwa kituo cha watoto aliokota gazeti lenye picha ya mcheza baleti, akaikata na kuiweka. Akachukuliwa na familia ya Marekani, akafundishwa, akaja kucheza katika kundi la taifa la Uholanzi. Alifariki mwaka 2024. Kila nikikumbuka nilivyomjibu mpwa wangu kwa kumrushia video, namkumbuka yule mtoto na karatasi yake. Aliyemwona nayo angeweza kucheka akapita.

Dakika 25 za uani

Huu ndio utaratibu tuliokubaliana nyumbani, baada ya mtaalamu wa viungo kuutazama na mguu kupona kabisa. Siku mbili kwa wiki, baada ya laasiri.

Dakika 5: kukaa mkekani, miguu mbele, vidole vinalala na kuamka. Zungusha vifundo.

Dakika 5: kusimama, kushika ukuta, kukunja magoti na kunyanyuka polepole mara nane, visigino chini. Kisha visigino juu mara nane, vidole vyote chini. Anayechoka anaacha.

Dakika 5: mdundo. Bibi anapiga kopo au ndoo, mtoto anatembea, akisimamisha na yeye asimame kama mti. Akiongeza kasi, naye aongeze.

Dakika 5: mikono ya lelemama mbele ya bibi. Hapa mimi sina neno, mwalimu ni yeye.

Dakika 5: uhuru. Acheze anavyotaka, mchangani, aruke, azunguke. Sisi tunakaa kimya.

Sharti ni mbili: hakuna ncha za vidole, na hakuna mlango kufungwa. Akisema panauma, tunaacha siku ile. Uchovu wa misuli ni wa kawaida. Maumivu ya kuchoma, uvimbe au kuchechemea si kawaida, mpeleke hospitali.

Wenzangu mnaosoma ualimu, utaratibu kama huu unaingia kwenye kipindi cha michezo mkiwa mazoezini maskulini. Hauna gharama. Mpate mzee mmoja wa kijiji anayejua msewe, mwombeni kwa adabu aje siku moja kwa wiki. Wazee hao hawatakaa milele, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Mpwa wangu sasa anatembea vizuri. Likizo iliyopita aliniuliza lini atasimama kwa vidole. Nikamwambia, ukifika darasa la sita, ukiwa bado unataka, na ukiwa na mwalimu, tutazungumza. Akahesabu miaka kwa vidole vya mkono, vikatosha mkono mmoja. Akasema, "Si mbali."

Dada yangu alikuwa anatusikiliza kutoka jikoni. Muhula huu hajaniomba nimtumie video yoyote. Ila amenituma nimtafutie Unguja mtu anayejua kutengeneza zile njuga za msewe, za kipimo cha mtoto. Mwenye habari anitafute dakhalia.